Nilisema Nauli

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya mabati huko Sarang'ombe, Kibera, na wanaonijua watakwambia nina ugonjwa mmoja: siwezi kusikia neno likitumiwa vibaya nikanyamaza. Mtu akisema "gari yangu," namwambia "gari langu" kabla hajamaliza sentensi. Nimekosana na marafiki kwa sababu hiyo, na katika mikutano ya wapangaji wa ploti yetu hawaniiti tena. Naanza na hili ili ujue ni mtu wa namna gani aliyekosea neno moja, na akalikosea siku ambayo neno hilo lilikuwa na kazi.

Gari lilikuwa la kaka yangu mkubwa. Yeye ni fundi wa mabomba, anaishi Kawangware 46, na alilinunua baada ya miaka mingi ya kubeba vifaa begani kutoka mtaa hadi mtaa. Lilikuwa gari jeupe la kuchakaa kidogo, lenye viti vitano na nafasi ya mizigo nyuma. Siku aliyolileta Kibera kutuonyesha, senje alilizunguka mara mbili akiligonga kwa vidole, kama mtu anayenunua ng'ombe sokoni. Senje ndivyo tunavyomwita dada ya baba sisi watu wa magharibi. Huyu wetu alituchukua wazazi wetu walipofariki, akatusomesha kwa mandazi, na mpaka leo hatujawahi kumwita jina lingine ingawa mama ndilo lililomfaa.

Bima tulienda kuitafuta pamoja, kwa sababu kaka anaamini mtu aliyesoma hawezi kudanganywa. Kule stendi ya 56, hukohuko Kawangware, kulikuwa na msichana aliyeuza bima ndani ya saluni ya dadake. Meza yake ilikuwa kati ya kioo na mashine ya kukausha nywele, na kila mteja alipowashiwa mashine ile, ilibidi msichana apaze sauti. Kwa hiyo tulifundishwa bima kwa kelele, na wanawake watatu wenye rola kichwani wakisikiliza.

"Iko aina tatu," alisema. "Ya chini kabisa ni third party. Hiyo ni lazima, bila hiyo polisi watakushika. Ukigonga mtu ama gari ya wenyewe, kampuni inalipa yule umegonga. Wewe na gari yako mtajijua."

"Gari lako," nikasema.

"Eeh, hiyo. Ya pili ni third party lakini inaongezwa moto na wizi. Gari ikichomeka ama ikiibiwa, unalipwa. Lakini ukijigonga kwa mti, pole. Ya tatu sasa ndiyo comprehensive. Hiyo inashika yote, wa nje, moto, wizi, na hata ukijigonga mwenyewe. Kuna kiasi kidogo cha kwanza unajilipia, halafu wao wanamaliza."

Kaka akauliza huyo mtu wa tatu ni nani hasa. Msichana akahesabu kwa vidole: mwenye gari ni wa kwanza, kampuni ni ya pili, na kila mtu mwingine duniani ni wa tatu.

"Na senje yangu akiwa ndani ya gari?"

"Hata yeye. Akiumia ndani ya gari yako, analipiwa kama mtu wa tatu."

Mimi ndiye niliyeshikilia kaka achukue ile kubwa. Alitaka ya chini. Nikamwambia, kwa ule mdomo wangu wa darasani, kwamba rahisi huwa ghali, na mbele ya wale wanawake aliona aibu akakubali. Kwenye fomu kulikuwa na swali la matumizi: ya binafsi, ya biashara au ya abiria. Msichana akamtazama.

"Hutabeba watu kwa pesa?"

"Zii. Hii ni ya familia."

Akatia alama kwenye binafsi. Lilikuwa jibu la kweli kabisa, na hadi leo ni la kweli.

Tulipomweleza senje jioni ile, alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akakasirika. "Nimewapangusa makamasi nyinyi wawili, leo mimi ni mtu wa tatu?" Kaka akamwambia asijali, maana huyo wa tatu ndiye anayepewa heshima ya kulipiwa na kampuni. Tulikuwa na furaha siku hiyo. Nashindwa kuikumbuka bila uchungu.

Halafu dada mkubwa wa senje akafariki hapa Nairobi, na kama ilivyo desturi yetu, ilibidi apelekwe nyumbani. Kamati ya mazishi ilikodi basi la kubeba jeneza na waombolezaji. Senje alikuwa na mgongo mbaya hata kabla ya haya yote, na kaka akasema hatasafiri kwa basi, atampeleka yeye. Mimi nikakaa mbele. Nyuma alikaa senje pamoja na majirani wawili, akina mama wa kanisa lake.

Kabla hatujaondoka, senje alitoa noti kwenye kitambaa akampa kaka za mafuta. Kaka akakataa. Senje akasema mtu haendi msibani kwa dada yake akiwa amebebwa kama gunia, akamwekea pesa zile kwenye kishimo cha majivu ya sigara kando ya gia. Kuona hivyo, wale akina mama nao wakatoa chao. Kwetu neno lipo la kitendo hicho. Ni kuweka mkono, kushika upande wako wa mzigo uliomwangukia mwenzako. Anayekataza mtu kufanya hivyo amemtukana, na kaka aliacha kubishana.

Karibu na Timboroa mvua ya mawe ilianza, barabara ikawa nyeupe. Basi lilikuwa mbele yetu, likapotea. Kaka alipunguza mwendo, gari likateleza, likazunguka, likatua mtaroni upande wa senje. Sisi wengine tulitoka na michubuko. Senje alivunjika nyonga. Dada yake alizikwa siku mbili baadaye, yeye akiwa amelazwa wodini akitazama dari.

Madaktari walisema anahitaji upasuaji, na usicheleweshwe sana, la sivyo mfupa utajiunga unavyotaka wenyewe. Bei waliyotutajia hatukuwa nayo na hatukuwa na mtu wa kuomba. Lakini tulikuwa na ile bima kubwa, na kwa mara ya kwanza maishani niliona faida ya ubishi wangu. Nilimwambia senje, "Wewe ni wa tatu, watakulipia." Alitabasamu. Nilimwahidi kwamba Krismasi atatembea mwenyewe kwenda kanisani.

Kampuni ilimtuma mpelelezi, mwanamume mpole mwenye shati safi na faili chini ya kwapa. Kaka alikuwa kituo cha polisi akifuatilia gari. Mpelelezi alipendelea Kiingereza. Senje anajua Kiswahili, na Kiingereza cha kuombea maji hakimshindi, lakini wiki ile maumivu yalikuwa yamemrudisha kwenye lugha ya mama yake na hakuwa akitamka kingine. Basi nikajitolea kutafsiri. Nilijinyoosha kabisa. Nilitaka yule mtu ajue kwamba hapa kuna msomi.

Akauliza ilikuwaje akawa ndani ya gari lile. Senje akaeleza taratibu, akipumzika kila baada ya maneno machache: kwamba alikuwa anaenda kumzika dada yake, kwamba mwanawe hakutaka kitu, lakini yeye aliweka mkono, na wenzake wakaweka. Alitumia neno letu lile. Nikalitafuta kwa Kiingereza, halikuja. Mpelelezi akatazama saa yake. Lile tendo la kutazama saa liliniudhi, nikaona ananidharau kwamba nakwama, na ulimi wangu ukachukua neno la karibu zaidi, lile linalolala mdomoni mwa kila mtu wa Nairobi.

Nikasema, "She paid fare."

Yaani alilipa nauli. Mpelelezi akainua macho. "Fare?"

"Yes, fare. All of them," nikajibu, nikiwa nimefurahi kwamba sasa maneno yanatiririka.

Akaandika. Akanipa karatasi nimsomee senje, nami nikaisoma haraka kwa lugha yetu, na pale kwenye fare nikarudisha lile neno lake zuri la mwanzo, kwa sababu kichwani mwangu yalikuwa kitu kimoja. Tukamshika mkono wenye sindano ya dripu akaweka kidole gumba. Nilimsindikiza mpelelezi hadi mlangoni, nikamshukuru.

Barua ilikuja baada ya miezi mitatu. Kaka alinipa niisome nyumbani kwake, senje akiwa kwenye kochi ambalo ndilo lilikuwa kitanda chake tangu atoke hospitali. Ilisema bima ni ya gari la binafsi. Ilisema gari lilikuwa likibeba abiria kwa malipo, hivyo masharti yamevunjwa, na kampuni haitalipia gari wala watu. Kisha ikataja msingi wa uamuzi huo: maelezo ya majeruhi mwenyewe, yaliyotafsiriwa na mwanawe.

"Wanasemaje?" kaka akauliza.

Nikatafsiri. Nilitafsiri vizuri sana, sentensi baada ya sentensi, na nilipofika kwenye ile ya mwisho nikaikunja barua.

"Basi ndiyo hivyo, wamekataa. Hawajasema hayo ya malipo wameyatoa wapi."

Kaka akaamua kwamba msichana wa saluni alitutapeli. Alienda 56 akamfokea mbele ya wateja, akamwita mwizi. Msichana alilia akisema alimuuliza waziwazi kama atabeba watu kwa pesa. Nilisimama pale mlangoni nikimsikiliza akisema ukweli, nikanyamaza. Mimi, ninayewasahihisha watu hadi kanisani, nikanyamaza. Nilipopita tena baada ya wiki chache meza yake haikuwepo.

Nilienda kwa wakili peke yangu. Aliisoma barua, akavua miwani. "Mchango wa mafuta kati ya jamaa ni kitu kimoja, nauli ni kitu kingine," akasema. "Hii ingekuwa rahisi kupigania. Mbona mgonjwa alisema nauli?" Nikaichukua barua nikaikunja tena. Akasema tunaweza kwenda kortini kukanusha maelezo hayo, itachukua miaka, na daktari amesemaje kuhusu mfupa? Nikamwambia mfupa umeshaunga. Umeunga vibaya, mguu mmoja umekuwa mfupi na hauwezi kubeba uzito, na sasa ingebidi uvunjwe upya. Wakili akasema pole, akavaa miwani.

Kaka amerudi kubeba vifaa begani. Mabaki ya gari aliyauza kama vyuma. Senje amehamia kwangu, chumba kimoja, kitanda nimempa yeye. Krismasi ilifika, kanisa lilikuja kumwombea kitandani, wakamwimbia, wakaondoka. Kwenda msalani ni lazima nimbebe, na choo cha ploti kiko mbali na mlango wetu, kwa hiyo amejifunza kutokunywa maji. Nimemwambia anywe. Anasema hana kiu.

Juzi mchana nilishindwa. Nilikuwa nasahihisha insha za watoto, yeye amelala akitazama ukuta, nikaweka kalamu chini nikamwambia yote: mpelelezi, saa, neno, barua niliyoikunja. Nilimwambia kwamba ni mimi niliyemvunja, wala si mvua ya mawe.

Hakugeuka kutoka ukutani.

"Nilikusikia," akasema.

"Ulinisikia lini?"

"Siku hiyo. Fare. Nimelipa fare Nairobi hii tangu wewe hujaota meno, unafikiri silijui hilo neno? Nilisikia, nikajua umekosea."

"Senje, mbona hukunirekebisha?"

Akageuza kichwa akanitazama, na nikaona anashangaa kweli kwamba naweza kuuliza swali kama hilo.

"Mbele ya mgeni? Na wewe ni mwalimu?"

Nikazisogeza insha kando. Akanyoosha mkono kunitafuta.

"Haya, njoo unigeuze. Upande huu umekufa ganzi."