Mzee Isihaka Ampakata Jeuri

Kwa miaka sita Mzee Isihaka wa Kwedizinga hakuwahi kumgusa mbwa wake kwa mkono. Jeuri alikuwa akifukuza ngedere shambani, na shukrani yake ilikuwa kukunwa mgongo kwa mpini wa jembe, maana mate ya mbwa ni najisi na mzee hakosi swala.

Asubuhi moja Jeuri akaingia ghalani, akala dagaa waliopakwa sumu ya panya. Bi Mwantumu, mke wa mzee, akaja mbio na kikombe cha maziwa. Mzee akamzuia, akampigia kwanza bwana mifugo wa Handeni mjini.

"Maziwa hayo kunyweni wenyewe," bwana mifugo akasema. "Msimnyweshe kitu, wala msimtapishe. Amekula saa ngapi?"

"Sasa hivi tu."

"Mlete upesi, na pakiti ya sumu uje nayo."

Bodaboda ikafika, Jeuri akagoma kupanda. Mzee akasita kidogo, kisha akamnyanyua na kumpakata, mate yakimchuruzikia shatini.

"Leo umepata kitinda mimba, mume wangu," Bi Mwantumu akamtania.

"Niwekee maji na udongo. Nikirudi najiosha mara saba."

Bwana mifugo akasoma pakiti, akamtapisha Jeuri kwa dawa, akatoa na vidonge vya mwezi mzima. Jeuri akapona.

Sasa kila asubuhi mzee humtia kidonge mdomoni kwa vidole vyake.

"Si ukifiche kwenye ugali?" mkewe humuuliza.

"Atakitema," mzee hujibu, ingawa hajawahi kujaribu.