Jina Alilolikata Santina

Mimi ni mlokole, na nalisema mapema ili mtu asije akanishangaa baadaye. Kwetu walokole mtu akifa, faili limefungwa. Kama alimpokea Bwana, yuko juu. Kama hakumpokea, yuko chini, na wewe uliyebaki futa machozi uendelee na kazi. Ndivyo nilivyolelewa Iganga, Uganda, na ndivyo nilivyoamini nilipoingia Juba mwaka 2006 na mashine moja ya fotokopi na jenereta iliyokohoa zaidi kuliko kufanya kazi. Nilipanga kibanda Atlabara, jirani na chuo kikuu. Aliyepakana nami mkono wa kulia alikuwa Santina.

Santina alikuwa wa kabila la Bari, kwao Rejaf, mama wa makamo, mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo. Alipika kisra, ule mkate mwembamba wa mtama unaomiminwa juu ya bamba la chuma lenye moto chini yake. Kutwa nzima yuko mbele ya moto. Anamimina uji, anautandaza kwa kipande cha ukuti, anaubandua kabla hujapepesa jicho. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Nilishamwona akiokota kaa lililoanguka kwa mkono mtupu, akalirudisha jikoni huku akinijulia hali. Miaka ya vita aliishi kambini Adjumani, upande wa Uganda, ndiyo maana tulielewana kwa Kiswahili chetu cha kuokoteza, chake kikiwa na Kiarabu cha Juba ndani.

Kitu kimoja hakikufanana na moshi ule: mwandiko wake. Masista wa misheni walimfundisha kuandika akiwa mtoto, yeye na kaka yake, na herufi zake zilikuwa zimelala upande mmoja, zimenyooka, safi. Kwa hiyo parokia ilimpa kazi ya Novemba. Wakatoliki wana mwezi wa marehemu. Familia huleta majina ya wafu wao, yanaandikwa kwenye karatasi ndefu, na Siku ya Marehemu Wote katekista anayasoma moja moja mbele ya altare. Hapo parokiani walikuwa na desturi yao: aliyeleta jina husimama linaposomwa, na kanisa zima linaitikia, "Apewe raha ya milele." Oktoba nzima watu walikuja kwa Santina wakamtajia majina, na yeye, mikono ikiwa na unga, aliandika. Kisha karatasi inakuja kwangu itolewe nakala.

Nilimchokoza sana kwa hilo. "Mama Santina, hawa walishafika walikokwenda. Barua yenu imechelewa."

"Wewe piga kopi, wacha mdomo," alinijibu.

Nikapiga kopi, na macho yangu hayana adabu, nikasoma. Kila jina lilikuwa na jina la baba, maana Juba imejaa akina Cirillo na akina Betty, na bila jina la baba hujui anaombewa nani. Jina la mwisho peke yake lilikuwa uchi. *Cirillo*, basi. Mwaka wa pili likarudi vilevile, mwishoni, peke yake. Nikamuuliza, Cirillo nani? Akaniambia Mungu anamjua, akanyakua karatasi yake.

Mwaka 2008 katekista Jubek alikuja kibandani mwenyewe, Oktoba, saa ya kisra. Alikuwa mzee mpole aliyevaa tai hata kwenye joto lile.

"Mama Santina," alisema, "hii Cirillo ni ya nani? Mwaka jana nilisoma, watu ya familia tatu ikasimama. Kila mmoja anasema ni mtu yao. Walinuniana mpaka nje."

Santina hakumwangalia. "Malesh, samahani, mwalimu. Hiyo makosa yangu."

Akachukua kalamu, akalikata jina lile kwa mstari mmoja ulionyooka. Jubek akashukuru, akaondoka. Nikasikia harufu. Kisra ilikuwa inaungua juu ya bamba, jambo ambalo sikuwahi kuliona, na Santina amekaa anaitazama tu.

Siku hiyo ndiyo aliniambia. Cirillo alikuwa kaka yake, Cirillo Pitia. Mwaka 1992, mji ukiwa umezingirwa na waasi, na jeshi la serikali likiwatafuta wasaliti kila nyumba, Cirillo alikuwa karani ofisini kwao. Waliomtumia hawakuhitaji bunduki yake, walihitaji mkono wake. Aliwaandikia orodha: nani ana ndugu msituni, nani alisema nini kwenye kilio, nani anaishi wapi. Watu walichukuliwa kufuatana na karatasi ile na hawakurudi, wala makaburi yao hayajulikani. Mji mzima uliujua mwandiko, maana barua zao nyingi aliwaandikia yeye.

"Na mimi," Santina alisema. "Hiyo wakati hakuna mtu anatoka Juba bila kibali. Mimi nilitoka na watoto yangu watatu. Kibali ilitoka mkono ile ile. Watoto yangu iko hai juu ya karatasi ya Cirillo. Unaelewa, Harriet?"

Nilielewa, na nilitamani nisingeelewa.

Cirillo alikufa mwaka 1999 kwa ugonjwa, hapahapa Juba, Santina akiwa kambini. Abuna, yaani padri, alipelekwa kitandani kwake, naye akageukia ukutani mpaka akakata roho. Watu walisema hata mji wa moto umepata karani. Lilikuwa neno la kuchekesha watu vilabuni, na Santina alirudi toka uhamishoni akalikuta linamsubiri. Jina kamili hakuthubutu kuliandika, maana wajane wa waliochukuliwa ndio hao waliokuja kwake kila Oktoba. Kwa hiyo alimwingiza kwa magendo, jina nusu, akakaa kimya kwenye benchi wengine wakisimama.

"Sasa nimemkata," alisema. "Kwa mkono yangu."

Baada ya hapo Cirillo akaanza kuja. Hakuja usiku, usiku Santina alilala kama gogo. Alikuja mchana, Santina aliniambia, saa saba, jua likiwa utosini na jenereta yangu imezimwa ipoe. Alisimama upande wa pili wa bamba la kisra, hewa inapotetemeka kwa joto, na uso wake ulikuwa na mstari mmoja ulionyooka uliopita juu ya macho. Hakusema. Mdomo ulikuwa wazi, lakini hakusema. Nilikemea kwa jina la Yesu, ndiyo kazi yetu, na Santina akanitazama kwa huruma kama mtu anayemtazama mtoto akifukuza kuku wa jirani. Tangu hapo saa saba ikifika nilijikuta najipa kazi ya kupanga karatasi, nikiwa nimeupa moto wake mgongo. Niliogopa. Niliogopa zaidi kwa sababu sikuona kitu, na bado nilijua yuko.

Siku moja aliniuliza waziwazi. "Wewe iko na Biblia kila siku. Mungu anaweza kufika kule chini? Ama mlango ikifungwa, hata yeye amefungiwa nje?"

Nilimjibu kama nilivyofundishwa. Nilimwambia hapana, mama, kule hakuna kutoka. Nilisema haraka, kwa uhakika, huku nikipanga karatasi. Mpaka leo jibu lile linanichoma. Baba yangu mwenyewe alifia kwenye mtaro akinuka pombe ya waragi, nikamwacha huko chini miaka kumi na miwili bila kugeuza shingo, na nilijiona nina imani.

Abuna wa sasa wa parokia, alipoulizwa hilohilo, alimjibu vizuri kunishinda. Alimwambia Kanisa limetaja majina ya watakatifu wengi, lakini halijawahi kumtaja mtu hata mmoja kwamba huyu yuko motoni. Santina alirudi na jibu hilo amelishika kama mtu aliyepewa sahani bila chakula. "Abuna ni kijana ya Italia," alisema. "Yeye hajui Cirillo."

Mwaka ukazunguka hivyo, yeye na moto wake na mtu wake wa saa saba.

Oktoba 2009 akaja mama mmoja mgeni, Mdinka, mrefu kumzidi hata Santina, amebeba mwavuli. Jina lake Nyariek. Alikuwa amerudi toka kambi ya Kakuma, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kenya. Akauliza ni nani anayeandika majina.

"Niandikie mzee wangu," alisema. "Majok Aguer. Alikuwa daktari msaidizi. Walimchukua tisini na mbili, asubuhi, akinyoa ndevu."

Santina aliandika *Majok*, akaishia hapo. Kalamu ilikuwa imegota pale kwenye karatasi, wino unatanda. Mimi nilijua kinachokuja, nikamkonyeza anyamaze, nikakohoa hata. Hakunijali.

"Mama," alisema, "mimi ni dada ya Cirillo Pitia."

Nyariek alikaa kwenye benchi langu la wateja. Alifunga mwavuli polepole, akauweka miguuni. Mteja alikuja na cheti chake, nikamwambia mashine imekufa, aende zake.

"Yuko wapi?" Nyariek akauliza.

"Alikufa. Tisini na tisa."

"Najua alikufa, nilisikia hata Kakuma. Nakuuliza yuko wapi."

"Watu wanasema iko kwa moto."

"Na wewe umemwandika hapo?"

"Hapana. Nilimkata."

Nilidhani Nyariek atasema vema, au atatema mate, na yote mawili yangekuwa haki yake. Badala yake alipandwa na hasira ambayo sikuitegemea. "Ulimkata? Nani alikupa ruhusa ya kumkata? Mwandike."

"Umemsamehe?" Sauti ya Santina ilikuwa ndogo sana.

"Sijamsamehe, na usiniambie nimsamehe. Sikiza. Hapo Kakuma jirani yangu aliungua na stovu. Nilikaa na yeye siku tatu. Mtu anayeungua hafikirii mtu mwingine, anafikiria ngozi yake. Ukimuuliza kitu, anapiga nduru tu. Sasa huyo ndugu yako akikaa huko milele anapiga nduru, atanijibu saa ngapi? Mimi niko na swali moja. Majok alimtibu mamake mzazi, mama yenu wewe na yeye. Majok alimkosea nini? Nataka huyo mtu atolewe huko. Apewe maji, akae chini, apone mpaka aweze kuniangalia kwa macho. Mungu kama ana huruma, hapo ndiyo aitumie. Moto ni mahali rahisi sana pa kujificha."

Mimi, mwenye aya ya kila jambo, nilimsogezea Santina karatasi.

Santina aliandika jina lote. *Cirillo Pitia.* Nyariek alitaka liwe chini ya jina la mumewe, mahali anapoweza kuliona, na ndipo lilipoandikwa. Jubek alipoiona karatasi alilegeza tai yake. Alisema watu watatoka kanisani, alisema kuna wajane saba wenye wafu wao kwenye karatasi hiyohiyo. Akauliza ni nani ameleta jina hili.

"Mimi," Nyariek akasema. "Jina la mfu halikataliwi kama lina mwenyewe. Ama hapa mnakataa?"

Jubek akasema hapana, hawakatai.

Siku ya Marehemu Wote ilikuwa Jumatatu. Nilifunga kibanda nikaenda, mara yangu ya kwanza kuingia kanisa la Kikatoliki tangu niokoke, na nilijiambia nakwenda kumshika mkono Santina tu. Alivaa laua yake nyeusi, kile kitambaa cha begani cha mama wa Juba. Tulikaa nyuma. Nyariek alikuwa mbele yetu benchi mbili.

Jubek alisoma. Jina, mtu anasimama, kanisa linaitikia. Jina, mtu anasimama. Karatasi ilikuwa ndefu na joto lilikuwa kali. Akafika kwa Majok Aguer. Nyariek akasimama, na kanisa likamwitikia vizuri, kwa sauti nzito.

Hakukaa.

"Cirillo Pitia," Jubek akasoma.

Benchi zililia watu wakigeuka. Mzee mmoja akachukua fimbo yake, akatoka akiburuta miguu, na wanawake wawili wakamfuata. Santina alikuwa ameukamata mkono wangu kwa vile vidole vyake visivyosikia moto, na alikuwa anautazama mlango, pale jua la saa saba lilipokuwa linaingia. Jubek aliweka kidole chake kwenye jina na hakukisogeza. Hakuna aliyeitikia.

Nyariek aliitikia peke yake. "Apewe raha ya milele." Hakusema kwa upole. Alisema kama mtu anayegonga mlango wa nyumba anayojua kuna mtu ndani, na ambaye haondoki. Kisha akasema tena, kwa sauti zaidi, na Santina akauachia mkono wangu, akasimama.