Nyembe za Mama Pua

Asubuhi ile ya mwisho walikunywa chai ya rangi, kwa sababu Mama Pua aliyanusa maziwa akayamwaga.

"Hayajaharibika hayo," mumewe alisema.

"Yameanza kufikiria."

Akakaa kwenye kigoda chake karibu na dirisha la jikoni. Akachukua kopo la dawa ya viatu alilonunua mzee jana yake, akaligeuza chini juu, akapitisha ukucha kwenye maandishi.

"Umeuziwa wapi hii?"

"Kwa kijana wa kona."

"Umepigwa. Ona rangi ya kopo inavyobanduka. Viatu vyako vitapasuka kama visigino vyangu."

Mzee alikuwa na swali lake, limemkaa kooni wiki nyingi. Alitaka kumuuliza zile nyembe za mkobani mwake ni za nini. Akapiga funda la chai, swali likashuka nalo. Mama Pua akamtazama.

"Una neno wewe."

"Sina."

"Haya. Ukilipata utanikuta hapa hapa."

Hakumkuta. Jioni alianguka akianua nguo. Hospitalini walisema ni mshipa wa kichwani. Mzee alirudi nyumbani na kanga zake na swali lake.

Jina la Mama Pua alilitoa kiwandani. Alifunga sabuni tangu usichana wake, katika chumba ambacho mtu akitoka hata jasho lake linanukia. Mche ukikosewa dawa, yeye aliunusa kabla haujafika mezani. Kisha madukani zikajaa sabuni za karatasi ile ile, rangi ile ile, jina lile lile, ila ndani ni chokaa na majivu. Watu wakachubuka ngozi, wakalaumu kiwanda. Kiwanda kikafunga milango. Siku hiyo alirudi na aproni yake, akaitundika nyuma ya mlango, na tangu hapo hakuamini tena kitu chochote chenye karatasi. Sufuria mpya aliikwaruza. Dawa za hospitali alizihesabu akizitazama kama mahabusu. Wajukuu wakimletea peremende, wao walizila, yeye alibaki akikagua makaratasi.

Mumewe alikuwa seremala, mtu wa maneno machache. "Mume wangu maneno anayapima kwa futi," Mama Pua aliwaambia majirani, "halafu anayakata mafupi."

Basi mwaka ule wa mwisho Mama Pua alianza kutoka. Alivaa gauni la kijani, lile la harusini, akasema, "Natoka kidogo." Akirudi, mikono mitupu. Ukimuuliza alikokuwa, anakuambia bei ya vitunguu.

Siku moja mzee alitafuta miwani kwenye mkoba wa mkewe. Akakuta pakiti ya nyembe, mpya, haijafunguliwa. Nyumba ile haikuwa na mtu wa kunyoa. Watoto walikwishaoa na kuolewa, na mzee mwenyewe alinyolewa na kinyozi. Akairudisha. Kesho yake ikawa haipo. Baadaye akaona mkanda wa kiume. Nao ukatoweka. Kisha manukato ya kiume, chupa imefungwa kabisa. Nayo ikaenda zake.

Akaanza kumtazama mkewe kama mkewe alivyotazama makopo. Alimsikiliza anavyofunga mlango. Alichunguza vumbi la viatu vyake, ni la mtaa gani. Alipokwenda kunyolewa, alimuuliza kinyozi kama anaulizia mtu mwingine: mwanamke akinunua nyembe, maana yake nini?

Kinyozi alisimamisha mkasi. "Mzee wangu, mwanamke akinunua nyembe, kuna kidevu mahali."

Neno hilo likamla. Siku gauni la kijani lilipotoka tena, na yeye akatoka.

Mama Pua alitembea bila kugeuka. Alivuka soko, akaingia duka moja la vikorokoro lililo karibu na njia panda. Ng'ambo ya barabara palikuwa na muuza magodoro, ameyasimamisha nje kama ukuta. Mzee akajibanza nyuma ya magodoro hayo. Kutoka pale aliona duka lote, na ukigeuza shingo, unaona na barabara ya pembeni.

Aliwaona mkewe na mwenye duka wakicheka. Akamwona mwenye duka anainama, anavuta droo ya chini. Droo ikakwama, akaipiga goti, ikatoka. Akampa Mama Pua pakiti ya nyembe, kama ile ya mkobani, naye akaitia mkobani bila kuifungua. Hakupewa risiti. Akatoka, akakunja kona, akaenda moja kwa moja kwenye gari jeupe. Ndani alikaa mwanamume mwenye ndevu hadi kifuani. Akampa ile pakiti. Vichwa vikakaribiana. Wakaandika kitu juu ya goti la yule bwana, na Mama Pua alicheka tena.

Mzee alirudi nyumbani akaranda ubao usio na kazi. Kilichomtatiza zaidi ni ndevu. Mtu mwenye ndevu zile, nyembe za nini?

Hilo ndilo swali alilolimeza na chai.

Matanga yalipoisha, wageni wawili walibisha hodi. Mmoja ni mwanamke wa makamo mwenye mkoba wa ngozi. Nyuma yake, akitazama sakafu, alisimama yule mwenye ndevu.

Mzee hakuwakaribisha kiti. "Huyu amefuata nini hapa?"

"Pole kwa msiba, baba," mwanamke alisema. "Mimi ni wakili. Huyu ni karani wangu."

"Ni karani wako. Na kwa mke wangu alikuwa nani?"

Karani alikohoa. Wakili akaweka mkoba chini, akaeleza taratibu. Kazi yake ni alama za biashara. Kampuni ikiona watu wanatumia jina lake kuuza bidhaa feki, inamwendea yeye. Lakini hakimu hasikilizi tetesi. Lazima mtu aingie dukani, anunue kama mteja yeyote, asifungue, amkabidhi karani siku hiyo au kesho yake, na kifungashio kitiwe lakiri kisifunguliwe, naye asaini juu yake papo hapo.

"Mama alikuwa mnunuzi wetu. Nani angemshuku?"

"Mbona hakuniambia?"

"Tulimkataza, baba. Neno likifika sokoni, kazi imekufa."

Mzee aliutazama mkoba ule wa ngozi. "Maneno yako yamefungwa vizuri. Na dawa ya viatu niliyouziwa ilifungwa vizuri."

Wakili hakukasirika. "Ungeishi na Mama Pua usiwe na shaka, ningeshangaa." Kisha akasema lililowaleta. Mwenye duka la njia panda amekana. Anasema nyembe zile hazikutoka kwake. Mama Pua aliacha kiapo chake cha maandishi, ila upande wa pili walitaka kumhoji, na sasa hayupo. Karani alikuwa kwenye gari, ndani ya duka hakuona. "Watasema alizitoa kwingine akatuletea. Watasema mama alikuwa mwongo."

Mtu aliyemwaga maziwa kwa kuyashuku tu, aitwe mwongo mbele za watu.

"Zilitoka droo ya chini," mzee alisema. "Droo inakwama. Anaipiga goti."

Wakili aligeuka. "Umejuaje, baba?"

"Nilikuwepo."

Karani akainua uso mara moja, akauinamisha tena.

Mahakamani chumba kilikuwa kidogo, feni inalia. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuja akakaa benchi la mbele kabisa na leso mkononi. Mzee alipomwona alitamani asingekuja. Alieleza alichokiona, kwa ufupi wake. Kisha wakili wa mwenye duka akasimama, mtu wa sauti laini.

"Mzee, nyuma ya magodoro ulikuwa unafanya nini?"

Mzee angeweza kusema anachagua godoro. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, limeshapigwa randa. Akamtazama shemeji yake. Akaona pia kwamba huyu mwenye sauti laini angemuuliza alinunua lipi, na lipo chumba gani.

"Nilikuwa namfuata mke wangu."

"Kwa nini?"

"Nilidhani ana mwanamume."

Benchi la mbele likalia. Shemeji aliziba mdomo kwa leso.

"Kumbe ni wivu," wakili wa sauti laini alisema. "Na mtu mwenye wivu huona wasiyoyaona wengine."

"Ndiyo maana nilitazama sana. Aliyekuja kununua godoro hatazami mkono wa mwenye duka."

Hakimu aliacha kuandika. "Na huyo mwanamume, ulimwona?"

"Nilimwona, mheshimiwa. Yule pale, mwenye ndevu."

Chumba chote kikacheka, na hakimu akainama kutafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake.

Uamuzi ulipotoka, hakimu alisema ameamini nyembe zilitoka duka lile. Mwenye duka akazuiwa kuziuza, na shehena iliyokutwa kwake ikaamriwa iteketezwe. Kiapo cha Mama Pua kikasimama.

Nje, kwenye ngazi, shemeji alimshika mkono. "Shemeji, yaani dada yangu na ndevu zile?"

"Ndizo zilizonisumbua."

Akacheka mpaka akalia. Alipokwenda kunawa uso, karani alisogea.

"Mzee, nina neno nililoliweka. Shahidi hatakiwi kuambiwa na sisi kitu kabla hajasema mwenyewe, ndiyo maana nilinyamaza. Ila ni mimi niliyemwambia wakili tuje kwako. Siku ile, mama anasaini pakiti kwenye goti langu, nilimwona mtu nyuma ya magodoro. Nikadhani ni mpelelezi wa duka. Nikawasha gari tukimbie."

"Ikawaje?"

"Mama alinizimia gari. Akacheka. Alichosema nakikumbuka neno kwa neno."

Mzee alikaa kwenye ngazi.

"Alisema: 'Mwache huyo, ni mume wangu. Tangu anioe hajawahi kunifuata popote. Acha na mimi leo nifuatwe.'"