Marehemu wa Saa Kumi Alasiri

Kwanza nilisikia kikohozi. Nilikuwa bado nyuma ya kona ya uchochoro, Ujiji, sijaiona hata nyumba ninayokwenda, nikamsikia akikohoa, kikohozi kikavu cha mtu anayejiandaa kusema uongo, kisha kicheko cha watu wengi kwa pamoja. Tulikuwa tumemzika siku tisa kabla.

Sikushtuka. Mimi ndiye niliyemweka pale, saa kumi alasiri, chaneli ya vichekesho. Kazi yangu ilikuwa kupanga vipindi katika kampuni ndogo ya kebo, chumba kimoja huko Gungu, chenye kompyuta mbili na waya uliotambaa kutoka mchikichi hadi mchikichi mpaka sebuleni kwa watu. Marehemu alikuwa fundi wa injini za maboti, na ndiye mchekeshaji pekee tuliyeweza kumwita wetu. Alipokufa kwa homa ya siku tatu, nilipendekeza mwenyewe turudie michezo yote aliyorekodi kwetu, kila siku, kumuenzi. Nilichagua saa kumi kwa kuwa ndipo wanawake wanapokuwa wametulia nyumbani. Nilijiona nimemjengea kaburi ambalo watu watalizuru wakicheka.

Sikumfikiria mwanamke mmoja ambaye hakuweza kutoka nje ili asisikie.

Mjane alikuwa amekaa eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba ya mumewe. Televisheni yao ilifunikwa kanga na kugeuziwa ukutani, lakini majirani wa kulia na wa kushoto wote walikuwa wateja wetu, na nyumba za mtaa ule zina uwazi kati ya ukuta na bati. Nilimkuta mkekani, katika nguo nyeupe, na wanawake wanne waliokuja kumpa pole. Kwa jirani, marehemu akakohoa tena. Mmoja wa wageni, aliyekuwa ameinama kwa huzuni, mabega yakaanza kumtikisika. Akajifunika uso kwa mtandio. Sote tulijua kwamba halii.

Walipoondoka, mjane akaniuliza, "Mdogo wangu, unamjua yule mwanamke anayemwigiza?"

Nilimjua. Marehemu alikuwa akijifunga kanga, anabana pua, anakuwa mke anayemnusa mumewe shati na kumwuliza ni samaki gani wa ziwani wanaonukia marashi. Ndio mchezo uliopendwa kuliko yote.

"Ni mimi," akasema. "Ile ni sauti yangu. Na yale maswali niliyauliza kweli, humu ndani, nikilia. Alipokuwa hai, akiniiga, nilikuwa namjibu hapo hapo. Sasa namjibu nani? Mtoe tu, mdogo wangu. Mpaka nimalize siku zangu."

Nikamwahidi.

Bosi nilimkuta akila samaki, mgebuka wa kuchoma, mbele ya kompyuta.

"Bosi, mjane anaomba tumpumzishe marehemu."

"Marehemu ameshapumzika. Sisi ndio tuko kazini."

"Anaumia."

"Mji mzima unacheka, wewe unaniletea mtu mmoja anayelia. Hii ni chaneli ya nini?"

"Ya vichekesho."

"Haya." Akafuta vidole kwa gazeti. "Na ule mchezo wako umefika wapi? Nafasi yake nimeiweka baada ya marehemu. Wakimaliza kumtazama yeye, wanakukuta wewe."

Mchezo ule nilikuwa nimeuandika kwa miaka miwili, kwenye madaftari, kando ya riwaya ambayo hakuna aliyetaka kuisoma. Nilikuwa nimeshauota mwambao wote wa ziwa, kila sebule yenye waya wetu, ukisikiliza sentensi zangu. Basi nikamjibu habari za mchezo, za mjane nikaziacha. Ningeweza kuandika hapa kwamba niliogopa. Sikuogopa. Nilitaka.

Nikatafuta ujanja. Bila kumwuliza bosi nilimhamishia marehemu saa tatu asubuhi, nikidhani majirani watakuwa sokoni na mwaloni, maboti yanaposhusha samaki. Watazamaji wakapiga simu, wanamtaka mtu wao. Bosi akamrudisha saa kumi, na kipindi cha asubuhi akakiacha, maana kilikuwa kimeshapata watu wake. Kwa huruma yangu, mjane akawa anasikilizishwa asubuhi na alasiri.

Zilipita wiki kadhaa kabla sijapata uso wa kwenda kumwambia kwamba nimeshindwa. Siku niliyokwenda nilikuta mzigo wake umefungwa, uko juu ya kiti. Alikuwa anakwenda kwa mama yake, kijiji cha kusini, kando ya ziwa, ambako waya wetu haujafika. Wifi yake, dada wa marehemu, alikuwa amesimama katikati ya sebule, mikono kiunoni.

"Siku zako hazijatimia," akamwambia. "Watu watasema hukumpenda kaka yangu."

"Waseme, wifi."

"Watasema una mtu huko."

"Wamenicheka miaka yote hii. Na hilo wataliweza."

"Kaka alikuwa anatania tu."

"Najua. Ndiyo maana nilimwuguza."

Wifi yake akanigeukia mimi ili nimsaidie. Nilikuwa nimekuja na maneno niliyoyapanga njiani, mazuri, ya mtu anayeandika. Mjane hakuyasubiri.

"Nimesikia tangazo lako, kwa jirani," akaniambia. "Mchezo wako unaanza lini?"

"Jumatatu."

"Mwenyezi Mungu akujaalie."

Nilimtazama usoni nikitafuta kejeli, maana kejeli ningeiweza. Haikuwepo. Akavuta mtandio mpaka kwenye paji la uso, akachukua mzigo, akapita kati yetu sisi wawili, akatoka. Wifi yake akausukuma mlango nyuma yake, akatia komeo, mimi nikiwa bado ndani.