Ngamia Asiye na Alama

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilirudi Isiolo na cheti cha shule ndogo ya sanaa ya Pwani, isiyotegemea serikali wala misheni, pamoja na picha moja ya ngamia. Walimu waliisifu, lakini mimi niliogopa macho ya baba. Alichunga ngamia miaka mingi kabla hatujahamia Chechelesi, hapo hapo Isiolo, na hakuamini kwamba kuchora ni kazi. Safari nzima niliwaza: je, shingo ni ndefu mno? Miguu je?

Baba aliitazama picha mpaka chai yake ikapoa.

"Huyu ni wa nani?"

"Si wa mtu, baba. Ni picha tu."

"Hana alama ya moto ya ukoo wowote. Ngamia kama huyu ameibwa. Wageni wakimwona kwa ukuta wangu watasema nini?"

Nilikuwa nimewaza kila kitu isipokuwa hicho. Nilitoa brashi. Baba akanionyesha kwa kidole pajani mwa ngamia, mahali pa alama ya ukoo wetu, nami nikaichora. Kisha akaenda mwenyewe kutafuta nyundo na msumari.