Kokwa Mia Saba

Kwa miaka thelathini Bi Kheiria alisomesha hisabati skuli moja ya wasichana huko Ruwi, na kila mwaka somo la kwanza lilikuwa lilelile. Alimwaga vijiwe mezani, akawaambia wanafunzi kwamba neno la Kiingereza <i>calculate</i>, wanalolitaja kila siku kwa maana ya kupiga hesabu, asili yake ni neno la Kilatini <i>calculus</i>, yaani kijiwe. Warumi walihesabu kwa vijiwe, na jina likabaki. Wasichana walicheka. Yeye hakucheka, kwake hesabu haikuwa jambo la mzaha.

Mumewe Thabit alipofariki, alikaa eda nyumbani kwao Sidab, akanuia kumsomea tahlili, yaani kutamka "La ilaha illa Llah", mara elfu sabini kabla eda haijaisha, kama mama yake alivyomsomea baba yake kule Unguja. Alitenga kokwa za tende mia saba na mabakuli mawili. Kila alipotimiza mia moja kwa tasbihi, alitoa kokwa moja bakuli la kushoto akaitia la kulia. Miezi minne ikapita hivyo. Siku ya mwisho ya eda, la kushoto lilibaki na kokwa za kujaa kiganja tu. Hakuzihesabu. Alikwenda kutawadha.

Aliporudi, bakuli lilikuwa moja. Veneranda, mfanyakazi wake kutoka Bukoba, alikuwa amezichanganya kokwa zote, akaziosha na kuzianika, ili mama atoke eda nyumba ikiwa safi. Masikini, nia yake ilikuwa njema kabisa.

Bi Kheiria alikaa kitako.

"Mama, nisamehe. Zilikuwa zimebaki ngapi?"

"Sijui."

"Basi si usome za kuzidi kidogo? Hazitapungua."

"Elfu sabini ni elfu sabini, mwanangu. Nnataka nijue zimetimia."

Akazirudisha zote mia saba bakuli la kushoto, zingali na maji, akashika tasbihi. Hapo Veneranda akaangua kilio, akiona amemtwisha mjane mzigo wa miezi minne mingine.

"Usilie," Bi Kheiria alimwambia. "Tangu asubuhi nnaogopa kuzimaliza. Zikisha hizi, sinna tena la kumfanyia Thabit."