Nati Iliyobaki kwenye Shuka

Kitu cha kwanza unachokiona kwa fundi huyu ni mfuko wa shati lake. Shati lenyewe limekwisha: kola imechakaa, vifungo viwili vya kifuani havipo, na madoa ya grisi yameshinda kila sabuni. Lakini mfuko wa kushoto umefungwa kifungo, na kila baada ya muda fundi huupapasa kwa vidole viwili, kama mtu anayehakikisha kwamba ufunguo wa nyumba haujamdondoka.

Wateja humwita Habakishi. Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kila anapofungua pikipiki, hutandika shuka jeupe kuukuu sakafuni na kupanga juu yake bolti na nati jinsi zilivyotoka, akizizungushia chaki. Kazi ikiisha, shuka halina kitu. "Fundi anayebakisha nati," alikuwa akisema, "ni kama daktari anayebakisha figo." Watu walicheka, naye alipenda wakicheka.

Juu ya mlango wa karakana palikuwa na msumari, na msumarini ilining'inia nati moja iliyofungwa kwa waya. Ilikuwa ya binamu yake, mtoto wa shangazi, ambaye walifanya kazi pamoja miaka tisa kwenye benchi moja, wakichovya vidole katika kopo moja la grisi. Siku moja binamu aliisahau nati hiyo baada ya kufunga injini ya mteja, na Habakishi akaitundika. Mtu akiuliza, jibu lilikuwa tayari: "Hiyo mali ya binamu. Siku akikumbuka ilikotoka, ataichukua." Wiki ya kwanza binamu alicheka pamoja na wengine. Kufikia ya tatu alikuwa amebeba sanduku lake la spana na kwenda kufungua kibanda karibu na soko la chini. Tangu hapo imepita miaka minne, wakikutana misibani tu, na huko wakipungiana mkono kwa mbali.

Jumatatu iliyopita mkunga wa zahanati aliingia akisukuma pikipiki yake ya mbio, ile nyekundu ya zamani aliyoachiwa na kaka yake.

"Fundi, nikipita kwenye shimo, kiuno kinahamia shingoni."

Habakishi aliikandamiza nyuma kwa mikono miwili. Ikadunda kama mpira. "Shokapu imekufa, dada. Mafuta yote yamevuja."

Alikuwa na nyingine nzima, aliyoitoa kwenye pikipiki ya aina ileile iliyogongwa ubavuni. Pikipiki za namna hiyo zina shokapu moja tu ya nyuma, springi nene iliyojificha katikati, mbele ya gurudumu. Kuifikia ni shughuli. Fundi aliining'iniza nyuma ya pikipiki kwa mikanda kwenye boriti ya paa, akatoa kiti, akashusha ekzosi, kisha akagonga bolti ya chini, halafu ya juu, mpaka shokapu ya zamani ikamwangukia mkononi. Akapandisha ile nyingine. Bolti ya juu akaikaza. Kwa ya chini ilimbidi ainue gurudumu kwa goti mpaka tundu likalingana na tundu, akaipenyeza bolti upande wa pili.

Nati ilikuwa bado kwenye shuka. Hapo ndipo muuza vioo, aliyekuwa akisubiri zamu yake kwenye kigoda, alipoinua macho.

"Fundi, hiyo nati mlangoni ni dawa ya wezi?"

Habakishi hakuweza kujizuia. Aligeuka, akafuta mikono, akasimulia kisa chote, tena kwa kuigiza: binamu anavyokuna kichwa, binamu anavyohesabu bolti kwa vidole na kukosea. Muuza vioo alicheka mpaka akajishika mbavu. Fundi aliporudi kazini, alianza na ekzosi.

Mkunga alijaribu, akakalia, akasifia, akaondoka. Alipokata kona tu, fundi akakung'uta shuka. Kitu kikalia sakafuni: ting.

Hakuhitaji kuiokota ndipo aijue. Bila nati hiyo, bolti ya chini ingetulia kwa muda, halafu kila shimo lingeisogeza kidogo, hadi ichomoke na nyuma ya pikipiki ilalie gurudumu. Namba ya mkunga alikuwa nayo. Lakini pale kwenye kigoda alikuwepo muuza vioo, bado anafuta machozi ya kicheko. Fundi aliiokota nati, akaitia mfukoni, akafunga kifungo. Itakuwa ya ile pikipiki iliyogongwa, alijiambia, na alijua anajidanganya.

Jioni aliitazama sahani yake kama mgeni.

"Nani amekufa?" mkewe akauliza.

"Hakuna."

"Basi kula."

Hakula. Kulipopambazuka alipiga simu, haikupatikana. Akaenda zahanati kwa miguu, mbiombio, akaambiwa mkunga ameitwa nje ya mji. Akakaa kusubiri kwenye benchi la wajawazito.

"Na wewe wa miezi mingapi?" akauliza mmoja wao. Benchi zima likacheka. Alijaribu kucheka nao, uso ukakataa.

Saa tatu pikipiki nyekundu iliingia getini, na mkunga mzima juu yake. Fundi alipiga magoti vumbini kabla hata hajamsalimia. Bolti ya chini ilikuwa na nati mpya, inayong'aa.

"Jana ilianza kugonga," mkunga alisema akivua kofia. "Nikasimama kwa fundi wa soko la chini. Akauliza nani ameitengeneza, nikakutaja. Akachakura kopo lake la nati, akakaza. Hela akakataa. Nikamuuliza ina nini, akasema shokapu ikiwa ngeni hulegea kidogo, nisikulaumu."

Fundi aliona joto likimpanda masikioni. Angeweza kuitikia tu na kwenda zake. Binamu alishamfungulia mlango wa kutokea. Alifungua mfuko, akanyoosha kiganja.

"Haikulegea, dada. Sikuiweka."

Mkunga aliitazama ile nati.

"Ulijua lini?"

"Ulipokata kona."

"Na namba yangu unayo."

"Ninayo."

"Jana nilimpakia mdogo wangu," mkunga alisema polepole. Kisha akachukua mkoba wake. "Mwenzako amekusitiri. Mimi sijui kama ningeweza." Akaingia ndani kwa wagonjwa wake.

Siku hiyohiyo fundi aliushusha ule waya mlangoni kwa koleo. Muuza vioo alipopita na kuuliza msumari unamsubiri nani, alimweleza yote, safari hii bila kuigiza. Muuza vioo alitazama viatu vyake, akasema ana haraka.

Mara mbili fundi alikwenda hadi soko la chini, na mara mbili miguu ilimgeuza kwenye kona ya mwisho. Jumatano akapiga simu. Ikapokelewa na mke wa binamu.

"Shemeji, mwambie namwomba aje. Nina kitu chake."

"Watu wazima na ndevu zenu mnanifanya mimi bahasha," shemeji akasema, lakini alikwenda kuuliza. Aliporudi alikuwa anacheka. "Ijumaa, baada ya saa sita. Na anauliza kama lile shuka bado ni jeupe."

Leo ni Ijumaa. Fundi amefagia mara mbili, na nusu ya benchi, upande ambao binamu alikuwa akikaa, ameiacha wazi. Mfukoni mna nati mbili, ile ya mlangoni na ile ya mkunga. Ya mlangoni anajua la kufanya nayo: itarudi kwa mwenyewe. Maneno ya kusema akiwa ameishika bado hajayapata. Kila injini inayokohoa barabarani inamwinua kichwa.

Saa sita imepita. Pikipiki moja imepunguza mwendo pale kwenye kona, na fundi amefungua kifungo.